Kabla Mawaziri Hawajaketi: Historia ya Kamati za Ziwa Victoria

Alfajiri, mwaloni Kirumba jijini Mwanza, sangara analazwa ubaoni na kupimwa kwa rula, mdomo hadi ncha ya mkia. Akiwa chini ya sentimita 50, huyo ni mchanga, hakupaswa kuvuliwa. Nyuma ya kipimo hicho ipo historia ndefu ya kusimamia ziwa kwa pamoja.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliunda chombo kimoja cha kusimamia uvuvi wa ziwa zima. Uhuru ukaja, ikaja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikavunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na sheria zake, ilhali sangara aliyekulia Ukerewe aliweza kunaswa Uganda.

Tarehe 30 Juni 1994, Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mjini Kisumu mkataba wa kuunda Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao Jinja. Juu kabisa lipo Baraza la Mawaziri. Lakini jambo halirukii huko. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) Mwanza, huleta takwimu. Tangu mwaka 2000 sensa ya uvuvi imekuwa ikihesabu mitumbwi, injini na nyavu, mwalo kwa mwalo. Wakurugenzi wa uvuvi na wa utafiti huchambua takwimu hizo katika Kamati ya Utendaji. Makatibu wakuu hupima sera na gharama. Ndipo mawaziri huketi.

Ulaya ina utaratibu unaofanana na huo: tangu mwaka 1958 mabalozi wa nchi wanachama hukutana Brussels kuwaandalia mawaziri maamuzi. Umoja wa Afrika nao una kamati ya mabalozi Addis Ababa. Jumuiya yetu mpya ya Afrika Mashariki, kwa mkataba wa Arusha wa mwaka 1999, iliwapa kazi hiyo makatibu wakuu katika Kamati ya Uratibu.

Faida yake ni kubwa: nchi wanachama hubishana mapema, kwa takwimu, hadi zielewane. Ndiyo maana mvuvi anayengoja siku ya mawaziri amechelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi wa Mwanza, semeni kupitia BMU zenu, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialoni, na maneno yenu yamfikie mkurugenzi wa uvuvi kabla hajafunga safari ya Jinja.