Sheria ya kale ya Wayahudi na maswali ya dunia ya leo

KILA Ijumaa jua linapotua, Myahudi anayeshika dini huacha kazi hadi nyota zionekane Jumamosi jioni. Amri hiyo ya Sabato ni ya tangu jadi, na walioipokea hawakujua umeme, lifti wala vyombo vya angani. Marabi, ambao ni walimu na waamuzi wa dini hiyo, hulazimika kueleza jinsi ya kuitii katika dunia ambayo wahenga wao hawakuiona.

Sheria ya Kiyahudi huitwa Halakha. Chimbuko lake ni Torati, ambayo kwa mapokeo ina amri 613, pamoja na mafafanuzi yaliyokusanywa katika Mishna mnamo mwaka wa 200 hivi baada ya Kristo, na baadaye katika Talmudi. Panapozuka jambo geni, rabi hatungi amri mpya. Hutafuta katika maandiko hayo kisa kinachofanana nalo, akapima sababu za uamuzi wa kale, kisha akatoa jibu kwa maandishi. Majibu ya aina hiyo yamehifadhiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Umeme na anga za juu

Mishna hutaja aina 39 za kazi zilizoharamishwa siku ya Sabato, mojawapo ikiwa ni kuwasha moto. Taa za umeme zilipoenea, marabi wengi waliamua kwamba kuwasha balbu ambayo uzi wake huwaka kwa joto ni sawa na kuwasha moto. Hata hivyo, wengi huruhusu taa iliyotegwa kabla ya Sabato ili ijiwashe na kujizima yenyewe. Kwa msingi huo, majumba mengi nchini Israeli yana lifti zinazosimama katika kila ghorofa bila mtu kubonyeza kitufe, ingawa wapo marabi wasioziafiki.

Swali gumu zaidi lilizuka Januari 2003, Ilan Ramon, mwanaanga wa kwanza wa Israeli, aliposafiri katika chombo cha Columbia. Kwa kuwa chombo hicho kiliizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, jua lilichomoza na kutua mara 16 kwa siku. Je, Sabato ingekuja kila baada ya saa chache? Jibu alilopewa ni kwamba afuate saa za Cape Canaveral, Florida, mahali chombo kiliporushwa. Ramon na wenzake sita walifariki Februari 1 mwaka huo, chombo chao kilipovunjika wakirejea duniani.

Jumatano au Alhamisi?

Uyahudi hauna kiongozi mmoja wa kuwaamulia waumini wote, hivyo majibu huweza kutofautiana. Mnamo 1941, wakimbizi waliotoroka vita Ulaya walijikuta Japani huku Siku ya Upatanisho, ambayo ni siku ya kufunga, ikikaribia. Mstari unaotenganisha tarehe duniani uliwekwa na mataifa, wala haumo katika Halakha. Marabi waliokutana Jerusalem waliwaelekeza wafunge Jumatano, kwa hesabu ya wenyeji. Naye Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, aliyepima siku kwa umbali kutoka Jerusalem, aliwaambia wale Jumatano na kufunga Alhamisi. Wapo waliofunga siku zote mbili.

Wajane wasio na makaburi

Tofauti hizo huwa nzito zaidi zinapogusa ndoa. Mke hawezi kuolewa tena mpaka apewe talaka na mumewe, au kifo cha mume kithibitishwe. Kupita kwa miaka mingi peke yake hakutoshi. Akiolewa ilhali mume yu hai, watoto wa ndoa hiyo ya pili huzuiwa kuoana na Wayahudi wengi. Lakini kwa kuwahurumia wanawake hao, wahenga walilegeza masharti ya ushahidi: shahidi mmoja hutosha, hata akiwa mwanamke, jambo ambalo halikubaliwi katika kesi nyingi nyingine.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wake wa watu waliopotea katika majumba pacha ya New York walifika mbele ya mahakama ya kidini ya Beth Din of America. Waamuzi walitumia vipimo vya DNA na habari za simu zilizopigwa kabla ya majumba kuporomoka. Kwa njia hiyo, sayansi mpya ilitimiza kusudi la huruma ile ya kale.

Uhai kwanza

Juu ya hayo yote kuna kanuni moja: kuokoa uhai hutangulia karibu kila amri, isipokuwa makatazo ya kuabudu sanamu, zinaa na kuua. Daktari huendesha gari siku ya Sabato kumfikia mgonjwa mahututi, na hilo ni wajibu, si dhambi. Ni kwa sababu hiyo marabi wengi walifunga masinagogi janga la korona lilipozuka mwaka 2020.

Hata katika dhiki kuu maswali hayakukoma. Katika mtaa wa Kovno, Lithuania, ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, Rabi Ephraim Oshry aliulizwa kama mateka angeweza bado kumshukuru Mungu kwa kutomfanya mtumwa. Alijibu kwamba shukrani hiyo isiachwe, kwa kuwa adui aliufunga mwili lakini roho ilibaki huru. Aliandika maswali na majibu kwenye vipande vya karatasi, akavifukia ndani ya mikebe. Vita vilipokwisha alivifukua na kuvichapisha.