Panda za Ayala
Tuna pembe ya ndovu na pembe ya nyumba, lakini pembe za ayala, yule mnyama wa Zaburi, zatutaka maneno zaidi. Ni mfupa mtupu wenye matawi, hudondoka na kumea upya kila mwaka. Pembe ya swala haifanyi hivyo. Wawindaji wa Uingereza walilipa kila tawi jina: la juu ya jicho "brow", linalofuata "bay", la tatu "tray", lenye tatu ya Kifaransa cha kale ndani yake. Dume wa ncha 12 ni "royal", wa kifalme. Mimi pembe hizi naziita panda. Mtoto anayekata mpera atengeneze manati huitafuta panda hiyohiyo, kijiti kimoja kinachogawanyika viwili. Na panda ni baragumu pia!