Kubarizi

Ikisha sala ya alasiri, wazee wa Kibokoni na Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, hutoka kubarizi. Kitenzi hiki ni ndugu wa baraza, kile kiti kirefu cha mawe na chokaa mbele ya nyumba. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kujitokeza. Anayebarizi basi hapumziki tu: ametoka aonekane, asalimiwe, aulizwe. "Ami, maji yamekuja kwenu?" Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na mazungumzo huhama kutoka bei ya samaki hadi kwa mwakilishi wa wadi.

Serikali nayo ililichukua neno baraza tangu ukoloni. Kwenye baraza la chifu, mmoja husimama akasema, wengi wakaketi wakasikiliza. Katiba ya 2010, ibara ya 10 na ya 196, ikaleta ushirikishwaji wa umma, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, na bajeti ikisomwa kwa Kiingereza, mwenye duka wa Ndia Kuu atashiriki vipi?

Maafisa wa kaunti waje kubarizi. Waje jioni, waketi, wanywe kahawa chungu, waulizwe habari za mitaro kwa Kimvita nao wajibu papo hapo. Na akina mama, ambao kwa desturi baraza ya nje haikuwa yao, wafuatwe uani.