Tohara na Ukeketaji: Maneno Mawili katika Historia ya Uzazi wa Wanawake wa Nyanungu

Nyanungu ni kata ya Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, mahali ambapo mashamba ya Wakuria yapakana na Hifadhi ya Serengeti, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Mtu atakaye kueleza historia ya afya ya uzazi katika nchi hiyo hafai kuanzia mlangoni pa zahanati. Yampasa aanze na jina aitwalo msichana kabla hajawa mama.

Kwa desturi ya Wakuria, msichana ambaye hajakatwa aliitwa msagane, na jina hilo lilikuwa la dharau. Msagane hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Kushika mimba katika hali hiyo kulikuwa aibu kubwa kwa ukoo wote. Wazee wa baraza la inchama ndio waliotangaza majira ya saro, yaani sherehe za kuwatia vijana utu uzima. Katika saro msichana alipewa zawadi, ngoma na heshima, na mahari yake yakaanza kutajwa. Basi ngazi ya kwanza ya kuwa mama ilikuwa kisu.

Kiswahili kilipoingia bara kilikuta jambo hili na kulipa jina la tohara. Neno hili latokana na Kiarabu, na maana yake ni usafi. Mkataji naye akaitwa ngariba, jina la heshima ambalo pwani ni la fundi wa jando. Kwa maneno hayo mawili, kitendo kikavikwa nguo ya ibada, na tohara ya mvulana na ya msichana zikaonekana kuwa kitu kimoja, ingawa madhara yake ni mbali kabisa.

Wala si wenyeji peke yao waliolitazama jambo hili kama mila tu. Mwaka 1959 Shirika la Afya Duniani lilikataa ombi la kulichunguza, kwa hoja kwamba ni mambo ya utamaduni, si ya utabibu. Ilipofika mwaka 2006 Shirika hilohilo lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake 28,393 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo. Ilionekana kwamba waliokatwa hupata zaidi hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa na ya kuzalishwa kwa upasuaji, na watoto wao hufa zaidi wakati wa kuzaliwa. Sababu mojawapo ni dhahiri: kovu halitanuki kama mwili mzima, bali huchanika. Hivyo jeraha la siku moja ya saro hudai malipo yake miaka mingi baadaye, kitandani pa uzazi.

Hapo ndipo neno la pili lilipopata nguvu. Kukeketa, kwa asili, ni kukata kwa shida, kama kwa kisu butu. Katika neno ukeketaji hamna usafi wala ibada. Mna maumivu, na mna mtu ayatendaye. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ililifanya tendo hilo kuwa kosa nchini Tanzania, lakini kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tu. Kenya ilikataza kwa watu wa umri wote mwaka 2011. Kwa kuwa Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, wapo wasichana waliovushwa ili kuikwepa sheria.

Amri pekee imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1956, huko Meru, Kenya, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku desturi hii kwa msaada wa serikali ya kikoloni. Wasichana wengi walikatana wao kwa wao, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 wakashtakiwa. Kisu kilikatazwa, lakini hawakupewa njia nyingine ya kuitwa wanawake.

Njia hiyo sasa yatafutwa Mara. Mugumu, katika Wilaya ya Serengeti, nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia saro ilifunguliwa mwaka 2014. Kituo cha Masanga, Tarime, huwafundisha wasichana habari za miili yao na uzazi, kisha huwafanyia sherehe ya kuhitimu isiyo na kisu. Mwaka 2015–16 wanawake 32 katika kila 100 wa Mkoa wa Mara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 28. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 10, kisha 8.

Upungufu huo ni wa polepole, na sababu yake si ngumu kuiona. Neno ukeketaji limekwisha kupata nguvu, lakini neno msagane bado lina makali nyumbani. Mkunga aweza kumweleza mama kwa nini alichanika. Hawezi peke yake kumzuia mama huyo asihofie jina atakaloitwa binti yake. Siku msichana wa Nyanungu atakapoolewa na kuzaa pasipo mtu kumwita kwa jina hilo, ndipo sheria ya mwaka 1998 itakapokuwa imefika kijijini.