Sitara ya Kukunja

Nilikwenda karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, na picha ya kitu nilichotaka kitenge kitanda na sebule ndani ya chumba kimoja. Fundi akaishika picha kwa vidole vyenye vumbi la msasa. "Hii si patisheni, mwalimu?" Nikamwambia patisheni hupigiliwa ikakaa pale pale, hiki husimama chenyewe kwa kupinda, na ukikichoka hapa unakikunja na kukihamishia kule. Akafikiri. "Basi ni milango mitatu ya kabati, bila kabati." Jibu hilo limenisaidia kuliko kamusi nilizokuwa nimezipekua wiki nzima.

Wachina walikiita pingfeng, yaani kinga ya upepo. Wajapani wakalipokea jina hilo kwa matamshi yao, byōbu, na katika hazina ya Shōsōin mjini Nara zimo hadi leo zilizotengenezwa karne ya 8. Wareno walipofika Japani mwaka 1543 na kuanza kufanya biashara, walikichukua kitu pamoja na jina lake: biombo. Wahispania nao wakalitumia, hata Meksiko, ambako wasanii wa karne ya 17 walichora juu yake picha za kutekwa kwa nchi yao. Kwa Wafaransa ni paravent, upepo tena. Wajerumani ndio walioachana na upepo wakasema "ukuta wa Kihispania".

Wareno hao hao walikaa Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na wametuachia meza na parafujo. Biombo halikushuka pwani. Sioni hasara, maana huku kwetu upepo haufungiwi nje, hualikwa ndani. Tunachokizuia ni jicho.

Neno la kwanza kunijia lilikuwa kiwambo. Asili yake ni nzuri: kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikaze, au kuisuka kamba kwenye fremu ya kitanda. Ndugu yake ni kiwambaza, ukuta wa kugawa nyumba. Kwa kazi ya Kijapani, ambayo ni fremu nyepesi iliyobandikwa karatasi ikakazwa, kiwambo kinafaa kabisa. Lakini ubao hauwambwi, na anayedhani unawambwa atalipia.

Nililipia mimi. Cha kwanza nilichotengenezewa, kwingine na miaka kadhaa kabla, kilikuwa na fremu za mninga na mbao za mfenesi katikati. Kila ubao ulikuwa umekazwa kwa gundi pande zote nne, kama ngozi ya ngoma. Masika ikapita salama. Ukaja ukavu, na usiku mmoja tukasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Asubuhi ubao wa katikati ulikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini, mwanga wa dirisha unapenya.

Ubao haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kukusumbua. Unachofanya ni kutanuka na kusinyaa kwa upana, kukingama na nyuzi zake, kadiri unavyokunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ubao wenye upana wa sentimita 40 unaweza kucheza milimita kadhaa kwa mwaka. Ukiubana, utapasuka, au utaifumua fremu. Kwa hiyo huingizwa ndani ya mfuo, mfereji mwembamba uliochimbwa upande wa ndani wa fremu, bila tone la gundi, ukaachiwa milimita 2 au 3 kila upande. Gundi ni ya viungo vya fremu peke yake, pale ulimi unapoingia tunduni. Fremu inausitiri ubao, haiukamati.

Hapo ndipo nilipotua kwenye neno sitara. Pazia huning'inia. Msutu ni wa nguo. Skrini imeshachukuliwa na simu na televisheni, na sioni sababu ya kuing'ang'ania. Sitara inasema kazi ya kitu, na kila mtu anaijua kazi hiyo: mgeni aingie, mwenye kuvaa aendelee kuvaa. Nikiongeza "ya kukunja" imetengana na sitara ya nguo mwilini na ile tunayoiomba kwa Mungu.

Na sehemu zake? Fundi alikuwa amekwisha kunijibu. Kila kipande ni mlango, na mlango wetu una majina tayari: nguzo zake mbili za pembeni ni miimo, miti ya juu na chini ni vizingiti, na ukanda wa katikati unaofunika mshono wa mbao mbili ni mfaa, kama ule unaouona umechongwa nakshi kwenye milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar.

Huo mfaa ndio mahali pa mpingo. Mpingo huzama majini. Mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200, karibu mara mbili ya mninga. Mlango mzima wa mpingo utakuwa mzito mno kuuhamisha, na mti wenyewe hukua polepole mno kutumiwa kwa ufujaji. Uwe mstari mweusi, basi. Mfenesi mpya ni wa manjano, unapendeza sana kando ya kahawia ya mninga, ila mwanga huukoleza mwaka hadi mwaka mpaka rangi zile mbili zinakaribiana. Weusi wa mpingo ndio unaozitenganisha.

Kupachika kitu cha rangi moja ndani ya mti wa rangi nyingine tunakuita kutia njumu. Neno limezoea fedha na shaba, lakini kiti cha enzi cha pwani, mti mweusi uliopachikwa pembe nyeupe huku mgongo na kikalio vikiwa vimewambwa kwa kamba, kinaonyesha kuwa macho yetu yanaujua mchezo huu wa giza na nuru tangu zamani. Njumu ya mbao ndani ya mbao inakaa vizuri mdomoni.

Imebaki bawaba. Ile ya kawaida hufungua upande mmoja tu. Wajapani waliunganisha milango kwa vipande vya karatasi vilivyopishana, ikakunjika mbele na nyuma, na picha moja ikaweza kupita juu ya milango yote. Fundi wangu alitumia bawaba za shaba za pande mbili, tatu kwa kila mshono. Tulipoisimamisha imenyooka, iliyumba tukaidaka. Tulipoipinda kidogo, ikatulia sakafuni.

Akafuta mikono, akachukua kitabu cha risiti, akaandika bila kuniuliza: sitara 1, milango 3.