Utalii Ikolojia: Maana Yake na Uhusiano Wake na Aina Nyingine za Utalii

Maparokia yetu mengi yapo karibu na misitu, hifadhi za wanyama na fukwe. Huko neno utalii ikolojia husikika sana, katika mabango ya hoteli na hata katika mikutano ya vijiji. Kwa baadhi ya vijana wetu limekuwa mlango wa riziki halali. Mahali pengine limetumika kuwaondoa wenyeji katika ardhi ya mababu zao. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza maana yake, ili asiwepo anayelikubali au kulikataa bila kulifahamu.

Maana ya utalii ikolojia

Neno hili lilianza kuenea katika miaka ya 1980, na mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii Ikolojia. Tukichukua maana inayokubaliwa na wengi, utalii ikolojia ni safari ya kwenda maeneo ya asili, inayofanywa kwa uwajibikaji, na yenye nguzo tatu: mazingira yahifadhiwe, wenyeji wapate ustawi, na mgeni pamoja na mwenyeji wapate elimu. Ikikosekana nguzo moja, jina hilo halistahili. Hoteli iliyojengwa msituni kwa miti na makuti, ambayo maji machafu yake huishia mtoni na ambayo haijaajiri hata kijana mmoja wa kijiji jirani, haiwi ya utalii ikolojia kwa sababu tu imezungukwa na miti.

Uhusiano wake na aina nyingine

Utalii wa asili hutambulika kwa kile ambacho mtalii huenda kukitazama: wanyama, milima, maporomoko ya maji, matumbawe. Utalii ikolojia ni sehemu yake, lakini si kila anayetazama tembo anafanya utalii ikolojia. Magari ishirini yanayomzingira simba mmoja ni utalii wa asili usio na uwajibikaji.

Utalii endelevu ni kipimo cha utalii wote. Hata hoteli ya mjini yenye mamia ya vyumba yaweza kuwa endelevu, ikitumia maji na umeme kwa kiasi na kulipa mishahara ya haki, ingawa haihusiki na utalii ikolojia.

Utalii wa kijamii huangalia nani anamiliki na nani anaamua, nao utalii wa utamaduni huangalia mila, vyakula, ufundi na historia za watu. Mara nyingi aina hizi mbili huambatana na utalii ikolojia. Utalii wa uwindaji, kwa upande wake, waweza kuchangia fedha za uhifadhi, lakini huhusisha kuua wanyama, na hivyo huhesabiwa kuwa aina ya pekee.

Hija hutofautiana na zote hizo, kwa kuwa lengo lake ni sala na toba. Hata hivyo mahujaji nao hula, hulala na huacha taka. Tunaposafiri kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, au kwenda Bagamoyo, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868, tunawajibika kwa mahali hapo na kwa majirani wake.

Mifano miwili

Nchini Rwanda, wanaowatembelea sokwe wa milimani huenda katika vikundi vya watu wasiozidi wanane, na hukaa nao saa moja tu. Tangu mwaka 2005 asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa ilitengwa kwa ajili ya jamii jirani, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10.

Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, eneo la matumbawe lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni hukinga maji ya mvua, wavuvi wa zamani waliajiriwa kuwa walinzi, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza. Lakini uvuvi ulipigwa marufuku katika mwamba huo. Basi uhifadhi una gharama, na haki yadai kwamba gharama hiyo isibebwe na maskini peke yao.

Mwanga wa imani

Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha juu ya ikolojia fungamani: kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwa hiyo mradi unaolinda msitu huku ukimdharau jirani wa msitu, na mradi unaoleta fedha huku ukiuharibu msitu, yote miwili ina kasoro ileile.

Tunawashauri waamini, hasa wajumbe wa serikali za vijiji, kuuliza yafuatayo kabla ya kuridhia mradi wowote: Je, ardhi itabaki kuwa ya nani, na kwa miaka mingapi? Sehemu ya kijiji katika mapato imeandikwa kwenye mkataba, au imeahidiwa kwa mdomo tu? Njia za kwenda kwenye maji, malisho na makaburi zitabaki wazi? Taka zitapelekwa wapi? Akina mama na vijana wameshirikishwa? Mkataba na usomwe hadharani, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na mahali penye shaka utafutwe ushauri wa mwanasheria kabla ya sahihi kutiwa.