Kikombe Bila Mahubiri

Mchungaji Ambilikile Mwasapile hakuwa mhubiri wa jukwaani. Alikuwa mzee mpole wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mstaafu, umri umeshapita miaka 70, na mwaka 2011 alipowavuta watu maelfu kwa maelfu hadi kijijini Samunge, eneo la Loliondo, hakuwatungia hotuba. Alieleza kwa ufupi kwamba Mungu alimwonyesha mti katika ndoto, kisha akaendelea kuchota. Dawa ilikuwa mizizi ya mti unaoitwa mugariga, iliyochemshwa kwenye masufuria makubwa. Kikombe kimoja kwa mtu, shilingi 500, basi. Hukuulizwa dini yako. Waislamu walikunywa, Wamasai wasio na dini ya kitabu walikunywa, mawaziri nao walikunywa.

Nilifika huko mwezi Machi mwaka huo, nikimsindikiza mama mdogo, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Nilikuwa muuguzi bado kazini, tena mzee wa kanisa, kwa hiyo nilikwenda na mashaka ya aina mbili. Kutoka Mto wa Mbu gari lilipita Engaruka, likaambaa na Ziwa Natron, halafu likasimama. Foleni. Magari yalipangana kilomita nyingi, na watu walilala humo humo, wagonjwa mahututi wakiwa wamelazwa nyuma ya Land Cruiser na wengine wametolewa wodini na ndugu zao kabla ya kuruhusiwa na daktari. Hakukuwa na choo wala maji. Wapo waliofia njiani; kufikia mwisho wa Machi vyombo vya habari vilikuwa vimeshataja vifo zaidi ya 50, na Babu, kama watu walivyomwita Mwasapile, mwenyewe akaomba watu wasitishe kuja mpaka foleni ipungue. Zamu yetu ilipofika, hatukushuka hata garini. Kijana alipitisha vikombe vya plastiki dirishani, tukanywa kitu cha kahawia, chenye uchungu kidogo, akavikusanya akaenda kwa gari la nyuma yetu.

Kwa sisi tuliokulia kanisani, huo ulikuwa mwujiza wa namna ngeni. Tulizoea uponyaji wenye mahubiri. Miaka ya 1970 mwanzoni, Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliwaombea wagonjwa na wenye mapepo, lakini kwanza aliwataka watubu na kuachana na hirizi. Padre Felician Nkwera naye, Mkatoliki, alijenga huduma ya maombezi yenye rozari na mafundisho, na ikamgombanisha na maaskofu wake kwa miaka mingi. Wote wawili walidai kitu kutoka kwa mgonjwa. Walutheri wenzangu tulikuwa na njia yetu tulivu zaidi: hospitali. Machame, Bumbuli, baadaye KCMC pale Moshi mwaka 1971. Daktari anatibu, mchungaji anapita wodini na Biblia, kila mmoja na saa yake.

Babu aliunganisha wodi na madhabahu, kisha akaondoa mahubiri. Dawa yake, alisisitiza, haifanyi kazi ikitolewa na mkono mwingine wala ikichukuliwa nyumbani kwenye chupa. Nguvu ni ya Mungu, si ya mti. Hapo mfamasia hana la kupima. Wataalamu wa serikali walipoichunguza walisema haina sumu kwa mnywaji, jibu ambalo kila upande ulilibeba ulivyotaka. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati alimtetea waziwazi. Wahubiri wengi wa kilokole walimshambulia, wengine, nadhani, kwa sababu za imani, na wengine kwa kuwa viti vyao Jumapili vilikuwa vitupu.

Watetezi hawakukosa Maandiko. Yesu alimpaka kipofu tope machoni akamtuma kunawa Siloamu. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la mfalme Hezekia. Naamani, jemadari mwenye ukoma, aliagizwa na nabii Elisha ajichovye mara saba Yordani, na mto wenyewe haukuwa na ubora wowote. Mimi hubaki kwenye habari hiyo ya Naamani, maana haiishii majini. Anarudi kwa Elisha, anakiri Mungu wa Israeli, na Elisha anakataa zawadi. Gehazi, mtumishi wa Elisha anayekimbilia fedha, anaondoka na ukoma. Yohana naye katika Injili yake huiita miujiza ishara, na ishara huelekeza kwa mwingine. Samunge ishara ilielekeza kwenye foleni tena. Sioni kama mzee alikuwa tapeli; shilingi 500, nayo sehemu yake ikienda kwa kanisa na wasaidizi, si bei ya tapeli. Waliotajirika ni wenye magari.

Nilichokiona kazini baadaye ndicho kinachonisumbua. Vitanda vilipata nafasi kwa wiki kadhaa, halafu wagonjwa wakarudi: wa kisukari walioacha sindano, wa VVU walioacha dawa ingawa serikali iliwasihi waendelee. Mmoja aliniambia kumeza kidonge baada ya kikombe ni kumtukana Mungu. Mama mdogo alipimwa sukari, ikawa pale pale ilipokuwa. Akaendelea na vidonge, na Jumapili iliyofuata akatoa sadaka ya shukrani. Nilimuuliza anashukuru nini. Akasema alifika.

Vikombe vingine vilizuka upesi, Mbeya, Tabora na kwingineko, vikafa upesi vilevile. Watu walipungua Samunge mwaka uleule. Mzee Mwasapile aliendelea kuishi pale hadi alipofariki Julai 2021. Kanisa lililompa daraja la uchungaji halikumfukuza wala halikutunga fundisho kutokana na alichofanya, na vijana wa kipaimara katika usharika wetu wanajifunza habari za Naamani bila Samunge kutajwa.